Mlango Uliokwenda Kutengenezwa Chongani

Wengi huniuliza nilifikaje Wasaa, na wataniwia radhi, swali hilo silijibu. Nilichoka, nikalala, nikaamka niko ugenini; wasafiri wote hufika hivyo. Ninachotaka kusimulia ni yale niliyoyaona baada ya kufika, hasa katika mji wa Chongani, ambako nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mwenyeji wangu, Bi Kazija, alikuwa hodari wa kupika, nami sijui kuondoka mahali penye chakula kizuri.

Wasaa ni nchi ya watu wapole. Husalimiana kwa kirefu, na mgeni akipotea njia humsindikiza mpaka anakokwenda hata kama wao walikuwa wakienda kwingine. Serikali yao ni pole vilevile. Haijawahi kumnyima raia jambo lolote. Humweleza tu kwamba jambo hilo ameshapewa.

Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa mkahawani nikinywa kahawa. Mzee mmoja wa meza ya jirani akaangusha kikombe. Mdomo ulimwenda upande, mkono ukaning'inia, na alipotaka kusema maneno yakatoka yamevurugika. Nimewahi kuuguza mtu wa namna hiyo kwetu, kwa hiyo kiharusi nakijua. Nikainuka nikapaza sauti kwamba mtu anaugua, aitwe daktari haraka. Watu wakageuka kunitazama kwa huruma, mimi, si yeye.

"Haugui, mgeni," mwenye mkahawa aliniambia taratibu. "Anasafiri."

Wakamwingiza mzee garini, wakamwekea mto na chupa ya chai, wakampungia mikono. "Safari njema, Mzee Shomvi," walisema, na baadhi yao walikuwa wakilia. Nikauliza, kama mtu anasafiri tu, machozi ni ya nini. Mwenye mkahawa alianza kufuta meza ambayo ilikuwa safi tayari.

Jioni ile Bi Kazija ndiye aliyenielewesha. Zamani, alisema, kila mji wa Wasaa ulikuwa na hospitali yenye wodi ya kiharusi. Ya Chongani ilikuwa ndogo, rangi imebanduka, lakini mtu akianguka sokoni alifikishwa huko kabla hata ndugu zake hawajapata habari. Wakuu wa nchi wakaona huo ni utawanyaji. Wakafunga wodi zote na kukusanya madaktari na mashine katika Nyumba Kuu ya Tiba, iliyoko mji mkuu, ng'ambo ya Mlima Kipandio. Mimi Nyumba hiyo niliiona baadaye na sitaisema vibaya. Sakafu yake inang'aa, na mashine yake ya kupiga picha za kichwa hunguruma kwa adabu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo imewekwa katika kabati la kioo.

Tatizo lilikuwa moja. Dawa ile hufaa ikiwahi, na watu wa ng'ambo ya mlima walikuwa wakifika wakati imeshapitwa. Jambo hilo likapelekwa Barazani. Wapo waliotaka wodi zirudishwe. Lakini Waziri wa Siha, mtu mwenye akili nyingi, alisimama akaeleza kwamba umbali hauna kosa lolote, umbali ulikuwepo tangu zamani. Kosa ni la kiharusi, ambacho kina tabia mbaya ya kuanza kabla mgonjwa hajafika. Basi ikatungwa sheria. Kuanzia siku hiyo, kiharusi huhesabika kimeanza pale mtu anapopita kwenye Mlango wa Nyumba Kuu. Kabla ya hapo yeye ni msafiri.

Matokeo yalikuwa mazuri kupita matarajio. Tangu sheria ile, hakuna raia hata mmoja wa Wasaa aliyechelewa kutibiwa. Maofisa walinieleza hayo kwa fahari, na sikuona kwamba wananidanganya, waliamini. Waliofia mlimani walikuwa chini ya wizara ya barabara.

Nyumbani kwa Bi Kazija kulikuwa na dada yake, Mwanahija, aliyekaa kutwa kwenye kiti cha kamba akichambua kunde kwa mkono mmoja. Walinisimulia kwamba zamani alikuwa msemaji wa harusi zote za mji ule, na hakuna bwana harusi aliyeponyoka ulimi wake. Sasa alikuwa amebakiwa na neno moja tu, "haya." Alilitumia kwa kila kitu, kwa salamu na kwa hasira. Kwa mujibu wa sheria alitibiwa papo hapo alipougua.

Mume wa Bi Kazija alikuwa Fundi Shekue, mchonga milango. Chongani nzima ni mji wa wachongaji, lakini mkono wa Shekue ulikuwa ukitajwa peke yake. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na alikuwa na ila moja ambayo kwetu hakuna fundi aliyewahi kuipata: akikuambia mlango wako utakuwa tayari Ijumaa, Ijumaa unaukuta unakungoja. Kwetu ukimwendea fundi Ijumaa anakwambia "bado kidogo," na hiyo bado kidogo mnazeeka nayo wote wawili. Shekue maneno hayo hakuwa nayo kinywani. Majirani zake mafundi walimwona kama mtu anayewaharibia kazi.

Siku chache baada ya kufika kwangu tulikuwa tunakula wali kwa samaki, na kijiko kikamponyoka Shekue. Akakitazama kama anakishangaa. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea. Bi Kazija alishika mkono wa mumewe, na kabla wali haujapoa uso ule ukarudi mahali pake, Shekue akaokota kijiko na kuuliza kwa nini tunamwangalia.

Aliitwa Daktari Tunu. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa wodi ya Chongani kabla haijafungwa. Serikali haikumwachisha kazi. Ilimfanya Mshauri wa Wasafiri, na kazi yake sasa ilikuwa kuwakumbusha wagonjwa wabebe sweta kwa sababu mlimani kuna baridi. Alimpima Shekue, akampa vidonge, kisha akamvuta Bi Kazija kando.

"Hiyo ni hodi," alisema. "Kiharusi chenyewe kinaweza kuja wakati wowote. Vidonge vitasaidia, lakini sitakuficha, Bi Kazija. Kikija, ng'ambo ya mlima ni mbali."

"Kingekuja wakati wodi yako ipo?"

"Ningekuwa na la kufanya."

Bi Kazija hakulia. Alirudi jikoni akaosha vyombo vyote, hata vile vilivyokuwa safi. Nilianza kuelewa kwamba ndivyo watu wa Chongani wanavyofanya wakiogopa. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile kila alilofanya mwanamke yule alilifanya kwa ajili ya kupunguza umbali kati ya mumewe na dawa ya kwenye kabati la kioo.

Bahati ilikuja kwa sura ya ufa. Mlango wa Nyumba Kuu, ule unaotajwa na sheria, ulichongwa Chongani na babu yake Shekue. Ulikuwa wa mbao za msaji, wenye maua yaliyosukana na mnyororo kuzunguka fremu. Kwa sababu wasafiri wote wa nchi walisukumwa kupitia hapo hapo kwa haraka, machela ziliugonga kila siku, na ubao mmoja ukapasuka. Ni mila ya Wasaa, nayo haivunjwi, kwamba kazi ya mchongaji hurudi kwenye ukoo wake kutengenezwa, na mkono ulioanza kutengeneza ndio unaomaliza. Mlango ulipaswa kuja kwa Shekue.

Wazee wa Chongani walikwenda mji mkuu kuuchukua. Bi Kazija aliomba kufuatana nao kama mke wa fundi, nami nikafuata kwa udadisi. Barazani shughuli ilikuwa fupi, kukabidhiana tu na kunywa sharubati. Walipokaribia kuagana Bi Kazija akaomba kuuliza swali.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "mimi ni mtu wa jikoni, unisamehe. Mlango ukiwa kwetu, mtu akafikishwa hapa, atakuwa ameugua au bado anasafiri?"

Bwana Ubwa, Msimamizi wa Mlango, mtu mnene mwenye miwani aliyekula kiapo cha kuulinda, alikuwa wa kwanza kuona shimo lilivyo refu. Mjumbe mmoja alisema mgonjwa atapita palepale ulipokuwa Mlango, kwani nafasi ipo. Mwingine akamjibu kwamba nafasi si Mlango, nafasi ni tundu, na sheria haikutaja tundu. Wakajadiliana mpaka sharubati ikaisha. Tukikubali tundu ni Mlango, walisema wa upande mmoja, kesho mtu wa kijijini atasema hata mlango wa jiko lake ni Mlango, na kiharusi kitaanza kuanza popote. Tukikataa, wakasema wengine, hapa mji mkuu hatutakuwa na mgonjwa hata mmoja, na madaktari watakaa bure. Hakuna aliyependekeza sheria itazamwe upya, maana ingebidi pia kutazama upya hesabu zote nzuri zilizotokana nayo.

Waziri alifunga mjadala kwa utulivu. Mlango ni Mlango, alisema, na tiba iko Mlangoni. Basi kwa muda wa matengenezo, madaktari, mashine na kabati la kioo viufuate Mlango Chongani, na Bwana Ubwa afuatane navyo kuhakikisha sheria haivunjwi. Kazi ikikamilika vyote virudi. Bi Kazija alishukuru kwa heshima zote. Tulipotoka nje nilimwona akijishika ukutani.

Hivyo ndivyo wodi ya Chongani ilivyofunguliwa tena bila mtu yeyote kuamua ifunguliwe. Mlango ulisimamishwa pamoja na fremu yake kwa mihimili uani, mbele ya jengo la zamani, na mashine ikaingizwa ndani. Daktari Tunu alivua cheo cha kushauri sweta akavaa koti lake jeupe. Mfanyabiashara wa mkaa aliyeanguka sokoni alipitishwa Mlangoni mikono ikiwa bado myeusi, na wiki iliyofuata tulimwona akibishana bei kama kawaida. Watu walikuja kumwangalia akibishana, wakafurahi.

Tatizo sasa lilikuwa Fundi Shekue. Alikuwa ameahidi kumaliza mwisho wa mwezi, na kazi ilikwenda vizuri kupita kiasi. Ubao ukabadilishwa, ufa ukazibwa, maua yakaanza kurudi moja baada ya jingine. Wazee wa mji walimwendea kwa unyenyekevu wakamwomba apunguze mwendo.

"Nimeahidi," alisema.

"Tunajua, fundi. Lakini huwezi kusema msaji ulikuwa mbichi?"

"Si mbichi."

"Au umepoteza patasi?"

Shekue aliwaonyesha patasi zake zote, zimepangwa. Nimeona nchi nyingi zilizoteswa na mafundi waongo. Hii ndiyo ya kwanza niliyoiona ikiteswa na mkweli.

Mkewe naye alijaribu. "Wenzangu wanawaomba waume zao wamalize kazi," alimwambia usiku mmoja wakila, mbele yangu, bila aibu. "Mimi nakuomba wewe usimalize. Sikuombi kwa ajili ya mji. Nakuomba kwa ajili yangu. Unataka nikae kama Mwanahija, au nikae peke yangu?"

"Haya," alisema Mwanahija kutoka kwenye kiti chake, na ilikuwa ya hasira.

Shekue aliacha kula. Ilionekana wazi kwamba anampenda mkewe na kwamba jambo lile lilimuumiza. "Kazija," alisema, "babu yangu aliukabidhi mlango ule kwa siku aliyosema. Nikidanganya kwenye mlango wake, nitachonga nini tena?" Nilikasirika naye, nasema kweli. Nilimwona mtu anayejali neno lake kuliko roho yake, na sikumsemesha kwa siku mbili, ingawa nilikuwa nakula chakula chake.

Siku ya kukabidhi ikafika. Wapagazi walikuwa wamekuja na gari, na Bwana Ubwa alikuwa amevaa kanzu ya sherehe. Mlango ulikuwa umetolewa kwenye fremu na kulazwa juu ya magogo, umebakiwa na ua moja la pembeni. Ndani mashine ilikuwa haijazimwa, kwa sababu sheria ilisema mpaka kazi ikamilike. Mji mzima ulikuja uani ukasimama kimya kama kwenye mazishi. Shekue aliinama juu ya ubao akachonga kikonyo cha ua, kisha jani la kwanza, kisha la pili.

Patasi ikaanguka. Akataka kuiokota, mkono haukumtii, na mwili wote ukamfuata. Aliangukia juu ya Mlango. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na safari hii haukurudi.

Bi Kazija alimfikia kabla sijavuka ua. Daktari Tunu alitoka ndani akikimbia, na wapagazi wakamwinamia Shekue wamnyanyue. Ndipo Bwana Ubwa aliponyoosha mkono. Alikuwa anatoka jasho.

"Ngojeni," alisema. "Ngojeni kwanza. Hajapita. Mlango umelala. Mtu aliye juu ya Mlango, yuko nje au yuko ndani?"

Sikumchukia. Alikuwa mtu aliyekula kiapo na akakutana na jambo ambalo kiapo hakikulitaja. Macho yake yalikuwa yakiomba mtu yeyote amsaidie. Bi Kazija alimsaidia.

"Bwana Ubwa," alisema, sauti yake imetulia kabisa, "wengine wote wameupita tu. Huyu uko chini yake wote, tangu kichwani mpaka miguuni. Kuna mtu aliyewahi kufika Mlangoni zaidi ya huyu?"

Bwana Ubwa alivua miwani, akaivaa tena. "Amefika," alisema.

Hawakumshusha. Wapagazi waliunyanyua Mlango pamoja na fundi aliyelala juu yake, kichwa kimeegemea maua ya babu yake, wakauingiza ndani moja kwa moja mpaka mbele ya mashine. Kabati la kioo lilifunguliwa. Daktari Tunu aliniambia baadaye kwamba kwa mara ya kwanza tangu sheria itungwe, mtu wa Wasaa alikuwa ameugua na kufika kwa wakati mmoja, kwa sheria na kwa kweli.

Shekue alipona. Ulimi ulirudi kwanza. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama Mlango umekwaruzika. Mguu ukafuata, kisha mkono, ambao ulikuwa mzito na mvivu, ukijifunza upya kushika kikombe. Kwa kuwa mkono ulioanza ndio unaomaliza, Mlango ulirudishwa kwenye mihimili yake uani ukiwa na ua moja lisilotimia, na madaktari na mashine wakangoja pamoja nao. Nyumba ile ilikuwa na furaha ambayo haikuhitaji kusemwa. Bi Kazija alipika kila siku kama kuna harusi, nami nikanenepa.

Huko mji mkuu, nilisikia, mambo yamechangamka. Wakuu sasa ndio walioko ng'ambo ya mlima, na mjomba wa Waziri alipoanguka chooni akaambiwa safari njema, Waziri alitamka Barazani kwamba huenda kiharusi huanza mwilini. Wazo hilo lilipokelewa kama uvumbuzi mkubwa. Imeundwa kamati ya kulichunguza, na wajumbe wengine wameanza kuuliza kama nchi inaweza kuwa na Milango kadhaa. Miji mingine imeshaagiza ya kwao Chongani, na mafundi wamejaa kazi.

Wakati huo wote Bwana Ubwa alikuja kila asubuhi kutimiza wajibu wake. Alisimama mbele ya fundi, akasalimia, akauliza.

"Mkono vipi, fundi?"

Asubuhi ya kwanza Shekue aliutazama mkono wake. Alimtazama mkewe aliyekuwa anapepeta mchele kibarazani, akamtazama na Mwanahija. Nilimwona akilitafuta neno kama mtu anayetafuta kitu katika nyumba ya mwenzake.

"Bado kidogo," alisema.

Ungo ukasimama mkononi mwa Bi Kazija, kisha ukaendelea.

Siku ya kuondoka kwangu Shekue alinipa zawadi iliyofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa mwiko wa msaji, na kwenye mpini kulikuwa na mnyororo wa maua madogo kuliko punje za mtama, kila jani limekatwa kwa pigo moja lisilotetemeka. Nilimtazama. Hakucheka, lakini alikuwa karibu kucheka.

Njiani kutoka nyumbani kwao nilikutana na Bwana Ubwa akija kwenye ukaguzi wake. Aliuona mpini umechomoza kwenye mkoba wangu, akaomba auone. Akaugeuza juani, akapitisha kidole kwenye maua, akaunusa. Msaji uliochongwa juzi una harufu yake. Nilisimama pale nikitafuta uongo wa kumwambia na sikuupata. Yeye aliuzungushia kitambaa upya, kwa uangalifu, akakaza fundo.

"Uufunge vizuri," alisema. "Huko mbele kuna wakaguzi."

Kisha akarekebisha miwani yake na kwenda kumwuliza Fundi Shekue kama mkono umepona.